Bibi Amekuja Kuripoti Tena

Nchi ninayoisimulia si yenu, kwa hiyo tulieni, mtu asije akajikuna akadhani nimemgusa. Ni nchi ya mbali. Ina mto, kando ya mto ina mji mdogo uitwao Mavukoni, na juu ya mto ina daraja zuri la saruji lenye taa pande zote mbili. Daraja hilo lilikuwa limekamilika zamani, hata taa zake zilikwisha kuungua, zikabadilishwa, zikaungua tena. Ila lilikuwa halijazinduliwa, na katika nchi ile kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo.

Hayo si maneno yangu, ni ya sheria. Mwenye mamlaka ya kukata utepe alikuwa mmoja tu, naye ni Mlezi Mkuu wa Taifa, Mungu amzidishie afya na misafara. Nchi nzima ilikuwa inamngoja kwa visima, mizani za sokoni na vyoo vya shule, naye ana mkono mmoja tu wa kushikia mkasi. Basi mpaka atakapofika, utepe mwekundu ulikaa umefungwa mdomoni mwa daraja, na watu wa Mavukoni wakaendelea kuvuka kwa mtumbwi, wakipita chini ya daraja lao. Mkuu wa Wilaya aliwaambia hadharani kwamba kivuli wanachokipata hapo katikati ya mto ni matunda ya kwanza ya mradi, na watu wakapiga makofi, maana walikuwa wameambiwa wapige.

Sasa, palikuwa na kijana mmoja dereva wa bajaji, Ngwali jina lake, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye masikio makubwa kidogo. Siku moja mto ukafura. Mwenye mtumbwi akaufunga mtumbwi wake akaenda zake kulala, na siku hiyohiyo Siwema, mke wa fundi cherehani, akashikwa na uchungu. Hospitali iko ng'ambo. Ngwali akampakia Siwema, akaenda mpaka penye utepe, akashuka, akalifungua lile fundo taratibu, akapita, halafu akarudi kwa miguu akaufunga utepe kama alivyoukuta. Hakuukata, jamani. Aliufungua tu na kuufunga, kama mtu anavyofunga mlango wa watu. Mtoto akazaliwa salama salimini, wa kike, na wazazi kwa furaha wakampa jina la Daraja.

Jina ndilo lililowaponza. Siwema alipokwenda kumwandikisha mwanawe, karani akauliza, "Daraja? Daraja gani tena, mama?" Naye Siwema, masikini ya Mungu, akaeleza yote kwa fahari, na jinsi bajaji ilivyokuwa haitikisiki.

Ngwali akafikishwa mbele ya Mheshimiwa Hakimu Pazi kwa kosa la kuzindua daraja bila mamlaka, tena akiwa amevaa kandambili. Hakimu Pazi alikuwa mtu mnene wa maneno. Alizungumza tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kunusa vyakula vya majirani, akaeleza kwamba taifa ni kama utepe, na kwamba mwananchi anayefungua fundo leo, kesho atafungua nini? Mwisho akahukumu. Ngwali asiende jela, ila awekwe chini ya uangalizi wa ndugu.

Uangalizi wa ndugu ulikuwa uvumbuzi wa nchi ile, na wageni walikuwa wakija kuusoma. Serikali iliona magereza yamejaa, ikagundua kwamba kila mwananchi tayari anao ndugu, na kwamba ndugu humchunga mtu bila mshahara, bila sare, na bila kulala. Basi mahakama humteua jamaa mmoja awe mwangalizi. Mkosaji akikiuka amri, mwangalizi anatakiwa akaripoti siku ileile, na mkosaji ataongezewa mwezi wa kuangaliwa nyumbani. Huo ni upande wa huruma wa sheria. Upande wake wa pili ni kwamba ukiukaji ukigunduliwa na serikali kabla ya kuripotiwa na ndugu, mkosaji huchukuliwa moja kwa moja akapelekwa Machimboni, akavunje mawe ya kujengea madaraja mengine. Na waliokwenda Machimboni, ukiwauliza watu wa Mavukoni wamerudi lini, watakuuliza bei ya samaki.

"Mshitakiwa asilisogelee daraja, wala utepe, wala mkasi wa aina yoyote," akasema Hakimu Pazi. "Mwangalizi wake atakuwa bibi yake mzaa baba. Bi Mkejina, umesikia? Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Nimesikia," akasema Bi Mkejina. "Lakini hakimu, hata wa kumnyolea? Mbona kichwa chake kinahitaji mkasi hata kuliko hilo daraja?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu mwenyewe akajifunika uso kwa majalada. Na hapo, wapenzi, ndipo lilipofanyika kosa, ambalo halingeweza kufanywa na watu wengine ila wa Mavukoni. Walimpa kazi ya kusema ukweli mtu ambaye mji mzima ulimjua kwa utani.

*

Bi Mkejina hakuwa mtani wa kawaida. Mavukoni mtu akifariki, kabla hajatafutwa mwenye kushona sanda hutafutwa Bi Mkejina, aje aigize jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, alale mlangoni azuie jeneza, adai kwamba marehemu alikuwa amemposa. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na msiba hupata nafuu. Ndiyo kazi ya mtani, na neno la mtani, hata liwe kali namna gani, halishiki. Ukimkasirikia mtani unatozwa kuku.

Na kwa Ngwali, utani wake ulikuwa wa damu, maana bibi na mjukuu ni watani duniani kote penye akili. Tena kijana alikuwa amepewa jina la babu yake. Kwa hiyo tangu yuko kwenye nepi, Bi Mkejina alimwita mume wangu, akamlalamikia kwa wapita njia kwamba mume huyu hamletei hata kanga, anajikojolea tu. Babu mtu alipofariki, na baba wa kijana akafuatia, wakabaki wawili ndani ya nyumba moja, na yale maneno yakabaki nao. Mjane yule alikuwa na namna moja tu iliyosalia ya kulitamka jina la mumewe kwa sauti mchana kweupe bila watu kumwonea huruma, na namna hiyo ilikuwa kumtania mjukuu.

Haukupita muda, mtoto wa jirani akachemka homa, akaanza kustuka mwili mzima. Mto bado umejaa. Ngwali akasimama mlangoni, ufunguo wa bajaji mkononi, akamtazama bibi yake.

"Bibi, nimwache afe?"

"Nani kakwambia umwache? Mvushe!" akasema Bi Mkejina, na tayari alikuwa anatafuta viatu. "Ila mvushe upesi, mume wangu, nami nifike ofisini kabla hawajafunga."

Ngwali akavuka. Bi Mkejina akakata mitaa mbiombio. Alikuwa anayaona yale mawe ya Machimboni na ile mikono ambayo haijawahi kushika kitu kizito zaidi ya usukani. Akaingia Ofisi ya Uangalizi anatweta.

Afisa Uangalizi alikuwa Bwana Kondo, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na sura ya mtu anayengoja kupandishwa cheo. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nimekuja kumripoti mume wangu."

Makarani wawili wakaweka kalamu chini na kujiandaa. Mmoja akamvutia kiti.

"Ehee," akasema Afisa Kondo, tabasamu linamtoka. "Safari hii kakukosea nini? Kaoa mke mwenye meno?"

"Amevuka daraja. Sasa hivi. Andika."

Ofisi ikalipuka. Karani mmoja akapiga meza. Afisa Kondo akafuta machozi, akamwagizia Bi Mkejina chai na kitumbua kwa pesa yake mwenyewe. "Bibi, utatuua. Wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sasa wewe na Ngwali mtatulimisha sisi mpaka lini?"

"Kondo mwanangu, mie sichezi."

"Hewaa! Anavyokaza uso! Mtazameni!"

"Kavuka daraja, nakwambia. Lile pale, si unaliona dirishani?"

Kicheko kikakatika. Afisa Kondo akainuka, akaenda dirishani, akatazama nje kidogo, kisha akavuta pazia. "Bibi," akasema kwa upole, "mimi pale naona mto. Daraja likizinduliwa nitakuwa wa kwanza kuliona. Sasa mtu atavukaje kitu ambacho hakipo?"

"Mbona alipovuka mara ya kwanza mlimhukumu?"

"Hakuhukumiwa kwa kuvuka, alihukumiwa kwa kuzindua. Na daraja haliwezi kuzinduliwa mara mbili. Kunywa chai, Bibi, inapoa."

Bi Mkejina akainywa ile chai, maana chai haina kosa, akarudi nyumbani akiwa hajaandikwa.

*

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Mto haukupungua, na wagonjwa, kama mjuavyo, hawasomi amri za mahakama. Ngwali anavusha, Bi Mkejina anaripoti. Mara amembeba mzee mwenye ngiri, mara mjamzito, mara mvuvi aliyemeza mfupa. Kila mara bibi yule hufika ofisini na shida yake, na kila mara hupewa kiti.

Akajaribu kila njia aonekane mtu wa maana. Alikwenda amevaa koti la marehemu mumewe, lile la harusi, linamfika magotini. Wakacheka mpaka wakaita watu wa ofisi ya ardhi waje waone. Akala kiapo kwa kaburi la mumewe, na hapo akawa amejimaliza mwenyewe, maana hicho ndicho kiapo alichozoea kukila misibani anapodai marehemu ameondoka na ndala zake. Siku nyingine, bila kutaka, alilia. Alilia kweli, kamasi kwa machozi, akisema, "Watanichukulia mtoto, watanichukulia huyu mmoja niliyebakiwa naye." Karani mdogo akamsifu kwamba hajawahi kuona machozi yaliyopangwa vizuri namna ile, akamwomba arudie, kwa kuwa Mkurugenzi kutoka makao makuu yuko chumba cha pili na hajabahatika kuona.

Bi Mkejina akamtazama yule karani, akajifuta uso kwa kanga, akatoka. Alikuwa ametumia miaka yake yote kuwafunza watu wa Mavukoni kumcheka, na wanafunzi wake walikuwa wamefaulu wote.

"Bibi, acha tu," Ngwali akamwambia jioni ile. "Hawaandiki. Ukiendelea kwenda miguu itakuisha."

"Nyamaza wewe. Siku watakapokufunga nitamwita nani mume, huyo jogoo?" Akasema hivyo kwa ukali, akageukia sufuria asionekane macho.

*

Ilipofika zamu ya Mavukoni, akaja Mkaguzi wa Utepe. Nchi ile ilikuwa na idara nzima ya utepe, kwa sababu jua hufubaza rangi, na ingekuwa aibu Mlezi Mkuu kufika akakata kitu cha rangi ya karoti. Mkaguzi huzunguka mikoani na robota la utepe mpya, anabandua uliochakaa na kufunga mwingine. Alikuwa mtu mwembamba asiyecheka, amesomea ng'ambo mafundo peke yake.

Akalitazama fundo la Mavukoni akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kafunga hili?" akauliza. "Fundo la serikali huangalia kulia. Hili ni fundo la kufungia kuku nyuma ya bajaji."

Mji mzima una bajaji moja. Kabla ya adhuhuri Ngwali alikuwa ndani, na kabla ya alasiri iliyofuata yuko kizimbani, mbele ya Hakimu Pazi, na lori la Machimboni limeegeshwa uani, injini inanguruma ili kuokoa muda wa mahakama.

Mwendesha mashitaka akasimama. "Mheshimiwa Hakimu, mshitakiwa amekiuka amri, tena kwa wingi, na hakuna ukiukaji hata mmoja ulioripotiwa. Sheria iko wazi, na lori lipo hapo nje."

"Muongo!" akapaza sauti Bi Mkejina kutoka benchi la nyuma. "Nimeripoti vyote! Muulizeni Kondo! Nimekunywa chai ya ofisi ile mpaka nimenenepa!"

Afisa Kondo akasimamishwa. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye zile kalamu. Akisema bibi hakuripoti, atakuwa amesema uongo mbele ya mashahidi wa ofisi ya ardhi. Akisema aliripoti, ataulizwa kwa nini hakuandika, na lile lori lina nafasi ya watu wengi.

"Aliripoti, Mheshimiwa," akasema. "Ila tulijua ni utani. Yule ni mtani wake. Neno la mtani halishiki."

"Alikuwa anacheka alipokuwa akiripoti?"

"Alikuwa analia, Mheshimiwa. Ndiyo maana tulicheka sana."

Hakimu Pazi akamgeukia Ngwali. "Na wewe ulimvusha nani hasa?"

"Wengi, Mheshimiwa. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mtu mzima, tumbo limemshika. Njia nzima alikuwa ananilalamikia kwamba mkwewe ni mtu mkubwa, anavaa joho, anakaa anahukumu watu mchana kutwa, lakini hata usafiri wa..."

Hakimu akapaliwa. Akakohoa, akaletewa maji, akakohoa tena. Aliporudi katika hali yake alikuwa mtu mwingine, mpole, mwenye haraka. "Mahakama haina haja ya kuwajua abiria," akasema. "Abiria hawamo katika shitaka. Mahakama itajitenga na kutafakari." Akajitenga palepale kitini, kwa kufumba macho.

Alipoyafumbua, alikuwa na hukumu ambayo mpaka leo inafundishwa katika vyuo vya nchi ile.

"Mtani hawezi kuripoti," akasema. "Hilo ni sahihi. Kwa hiyo ripoti hizi zitakuwa za kweli iwapo tu mwangalizi si mtani. Bi Mkejina, mahakama inakupa nafasi. Utakula kiapo kwamba kati yako na mshitakiwa hakuna utani, wala haukuwahi kuwepo. Kiapo kitafanya kazi kuanzia siku mshitakiwa alipozaliwa. Ripoti zako zote zitahesabiwa, naye atarudi nyumbani kuendelea kuangaliwa."

"Na mimi, Mheshimiwa?" akauliza Afisa Kondo kwa sauti nyembamba.

"Wewe ulipokuwa unacheka, utani ulikuwa bado haujafutwa. Huna kosa."

Watu wakaguna kwa kuridhika, maana ilionekana kila mtu ameokoka. Bi Mkejina alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba, ameshika ncha ya kanga.

"Nikiapa, sitamwita tena vile ninavyomwita?"

"Hukuwahi kumwita," akasema Hakimu.

Nje lori liliongezwa moto. Bi Mkejina akamtazama mjukuu wake kizimbani. Ngwali akatikisa kichwa, akimaanisha usiape, Bibi. Alikuwa anajua anachoombwa bibi yake, kuliko hakimu na majalada yake yote.

Bi Mkejina akaapa. "Mimi Mkejina binti Athumani natamka kwamba huyu ni mjukuu wangu basi. Sina utani naye. Sikuwahi..." Hapo akakwama. Karani akamkumbusha maneno. "Sikuwahi kumwita mume wangu."

Kisha akalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Ndiyo kwanza watu wa Mavukoni walikuwa wamemwamini, na wengi wao walitamani wasingemwamini.

Hakimu Pazi akamalizia upesi. Kwa kuwa kiapo nacho ni amri ya mahakama, Bi Mkejina atawekewa uangalizi wa ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu alikuwa mmoja tu. Ngwali akateuliwa kumwangalia bibi yake asije akatania, na akitania, aripoti siku ileile. Utani wowote usioripotiwa utabatilisha kiapo, na lori litarudi.

*

Yakaanza maisha ya adabu. Sijui kama mmewahi kukaa katika nyumba yenye adabu. Ngwali akiamka, "Shikamoo Bibi." Bi Mkejina, "Marahaba mjukuu wangu, umeamkaje?" "Salama." Halafu basi. Vijiko vinasikika. Akimaliza kula anasema asante, na bibi anasema karibu, kama watu waliokutana kliniki. Mtoto wa watu hakufungwa, yuko pale, mzima, anavusha wagonjwa kama kawaida, na bibi anaripoti kama kawaida, na Afisa Kondo anaandika yote kwa heshima bila hata kutoa chai. Kila ripoti ikaongeza mwezi. Kwa hesabu za ofisi, kijana akijitunza, atamaliza kuangaliwa akiwa na wajukuu wake mwenyewe.

Kilichokuwa kinapungua ni Bi Mkejina. Aliacha kwenda misibani. Alikuwa anakaa barazani, na watu wakipita wanamwamkia, naye anaitikia vizuri, na wao wanaharakisha hatua. Jina la mumewe alikuwa halitamki tena. Mjukuu wake sasa aliitwa "wewe kijana". Upweke ulikuwa umemwingia, na hakuona hata wa kumlaumu, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemfanyia hisani.

Ngwali akaona. Asubuhi moja akaingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akapika uji. Sitaueleza ule uji. Akaumimina bakulini, ukakataa kumiminika, akaukung'uta, akampelekea bibi yake barazani kwa mikono miwili.

Bi Mkejina akaonja. Akameza. Jicho moja likaanza kumcheza.

"Bibi, vipi?"

"Mzuri, mjukuu wangu. Asante."

"Niongeze?"

Bi Mkejina akauangalia mwiko uliokuwa umesimama wenyewe katikati ya bakuli. Kitu kikampanda kutoka tumboni, kikafika kooni, akakizuia kwa kanga, kikashinda. "Toba yarabi!" akalipuka. "Huu uji au gundi? Mpelekee seremala agundishie milango! Nimeolewa na nini mie, mume wangu, na fundi wa saruji?"

Wakatazamana. Kisha wakacheka, wote wawili, mpaka bakuli likapinduka, na uji, naapa, haukumwagika.

Halafu Bi Mkejina akaacha kucheka ghafla. "Lo! Nimetania. Kimbia, kijana, karipoti kabla hawajatuwahi!"

"Twende wote. Nami nilivuka alfajiri, hujaniripoti."

Wakatoka mbio, bibi na mjukuu, wakishindana nani afike kwanza. Afisa Kondo alikuwa ndiyo kwanza anafungua pazia nusu, ule upande usio na daraja. Wakamfikia mezani kwa pamoja.

"Mimi ndiye mwangalizi wake!" akasema Ngwali.

"Na mie wake! Tena mie mkubwa!"

"Mmoja mmoja," akasema Afisa Kondo kwa sauti ya kiofisi. Makarani wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanawatikisika, maana tangu ile hukumu kuicheka ripoti lilikuwa kosa. "Mwangalizi Ngwali, mtuhumiwa alisema nini?"

"Alisema uji wangu niupelekee seremala."

Afisa Kondo akaandika, akitamka polepole. "Kwamba... uji wa mwangalizi... unafaa kwa shughuli za useremala." Akainua kichwa. "Alisema kwa dhihaka, au ulikuwa ushauri wa kiufundi?"

"Dhihaka!" akadakia Bi Mkejina. "Andika dhihaka, Kondo, usinipunguzie!"

"Dhihaka. Mwezi mmoja. Kuna jingine?"

Ngwali akamtazama bibi yake. Bi Mkejina alikuwa amesimama wima, kanga imemkaa sawa, macho yanawaka kama yalivyokuwa yakiwaka misibani enzi zake.

"Lipo," akasema mwenyewe. "Andika. Mume wangu wa kwanza, Ngwali, alikuwa na masikio ya kiasi. Huyu wa pili wamenizidishia."

Kalamu ya Afisa Kondo ikasita juu ya karatasi. Midomo ilikuwa inamtetemeka, akaibana kwa meno. "Maneno haya yalisemwa lini?"

"Sasa hivi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya serikali," akasema Bi Mkejina.